Charles Nelson: dhahabu ilizama, jina likabaki

Huku kwetu kila mtu anajua habari ya mashua yenye imejaa watu na mizigo kupita kipimo, na upepo mukali unakuja katikati ya ziwa. Na wengi tunajua namna wafanyabiashara wa dhahabu wanaficha mali yao ndani ya nguo, ili wezi wasiione njiani. Leo tunawaletea maisha ya mtu mwenye mambo hayo mawili yalimupata kwa siku moja, akiwa na umri wa miaka 15 tu. Hakuzaliwa huku kwetu. Alizaliwa Ujerumani, akafia Marekani, na kazi yenye ilimujulisha ni kutengeneza wiski. Lakini mambo yenye alipitia, mtu wa Uvira, wa Goma ao wa Bunia atayaelewa bila shida.

Jina lake ni Charles Nelson.

Mutoto wa mutu wa sabuni

Charles Nelson alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1835, mjini Hagenow, katika eneo la Mecklenburg-Schwerin, kaskazini mwa inchi yenye leo tunaita Ujerumani. Yeye ndiye alikuwa mukubwa kati ya watoto 6. Baba yake, John Philip Nelson, alikuwa na kiwanda cha sabuni na mishumaa. Hawakuwa watu wa shida. Lakini baba aliona maisha ya kesho ya watoto wake yako ng'ambo ya bahari, Marekani.

Mwaka 1850 akauza kiwanda. Feza zote zenye alipata akazigeuza kuwa dhahabu, juu dhahabu inapokelewa kila pahali, lakini feza za inchi moja zinaweza kukataliwa katika inchi ingine. Familia inasimulia kwamba ile dhahabu aliishonesha ndani ya nguo, na zile nguo akazivaa mwenyewe mwilini siku ya safari. Kwake ile ndiyo ilikuwa benki ya usalama kuliko zote.

Walipanda meli ya moshi yenye jina Helena Sloman, kutoka Hamburg kwenda New York. Wakiwa katikati ya bahari, zoruba kali ikawakuta. Meli ikaharibika. Abiria wengi waliokolewa na meli ingine yenye ilikuwa ikipita, lakini wengine walianguka ndani ya maji. John Philip Nelson alikuwa kati yao. Mtu anaweza kujua kuogelea, lakini mwenye amebeba dhahabu mwilini hawezi kurudi juu. Alizama pamoja na mali yote ya familia.

Mama na watoto wake 6 walifika New York wakiwa hai, lakini mikono mitupu. Baba hayuko, feza haziko, na luga ya ile inchi hawaijui. Charles, juu ndiye mukubwa, akageuka baba wa nyumba akiwa na miaka 15.

Kutoka mishumaa mpaka nyama, kutoka nyama mpaka wiski

Mtu mwenye amepoteza kila kitu anaanza na kile anajua. Charles na ndugu zake walijua sabuni na mishumaa, kwani walikulia ndani ya ile kazi. Huko New York wakaanza tena kutengeneza sabuni na mishumaa, kidogo kidogo, mpaka wakaweka akiba ya kutosha ili familia ihame.

Charles akiwa na miaka 17, wakaenda Cincinnati, kwenye mto Ohio. Wakati ule Cincinnati ilijulikana sana kwa biashara ya nguruwe. Charles akaingia kazi ya kuchinja na kuuza nyama. Ni katika ule mji ndiyo alikutana na watu wenye walikuwa wakipika pombe kali, na wakamufundisha namna ya kuitengeneza na kuiuza. Hakuna chuo alisoma. Alijifunza kwa macho na kwa mikono, sawa vile vijana wengi wa kwetu wanajifunza makanika ao useremala pembeni ya mtu mwenye anajua.

Kidogo tu mbele ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vyenye vilianza mwaka 1861, Charles alihamia Nashville, mji mukubwa wa jimbo la Tennessee. Akafungua butiki ya vyakula. Vitu vitatu ndivyo vilikuwa vikitoka sana: kahawa, nyama na wiski.

Vita vikafika Nashville. Mwezi wa 2 mwaka 1862 majeshi ya Kaskazini yaliuteka mji. Vita vilipoisha mwaka 1865, butiki ya Nelson ilikuwa bado inafanya kazi, na watu walikuwa wanauliza wiski kuliko kahawa na kuliko nyama. Charles akaona kwamba kununua wiski kwa wengine na kuiuza hakutoshi tena. Mwaka 1870 akanunua kiwanda chenyewe chenye kilikuwa kikimutengenezea wiski, pale Greenbrier, mji mudogo katika wilaya ya Robertson, kilometa kama 40 kaskazini mwa Nashville. Akanunua pia haki ya kutumia mtambo wenye unapika vizuri kuliko ule wa zamani, na akapanua kiwanda. Kikaitwa Nelson's Green Brier.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani?

Tusimame hapa kidogo, kwani bila kuelewa kazi yenyewe, mutu hataelewa mambo yenye yalifuata.

Wenye wameona namna kanyanga inapikwa, hawatashangaa. Nafaka zinasagwa, zinachanganywa na maji ya moto, kisha zinaachwa zichache. Halafu ule mchanganyiko unawekwa kwenye moto ndani ya chungu kikubwa kilichofungwa. Moshi wa pombe unapanda mbele ya ule wa maji, unapita ndani ya bomba, bomba linapozwa, na pombe inadondoka upande wa pili. Mpaka hapo, kanyanga na wiski ni ndugu.

Tofauti inaanza kisha. Ile ya Tennessee inachujwa kwanza polepole ndani ya makaa ya mti wenye wanaita maple, ili ukali upungue. Halafu inawekwa ndani ya pipa jipya la mti wa mwaloni, lenye limechomwa ndani kwa moto. Ile pipa inalala stoo, mwaka mmoja, miaka miwili, miaka mine na zaidi. Rangi yenye unaona katika chupa ya wiski, na ladha nyingi, zinatoka kwenye ubao wa ile pipa.

Kwa ivyo mutengenezaji wa wiski anahitaji nafaka nzuri na maji safi, lakini zaidi anahitaji feza zenye zinaweza kulala. Leo unanunua mahindi, leo unalipa wafanyakazi, lakini mteja atakulipa kisha miaka kadhaa. Mali yako yote iko ndani ya stoo, imelala gizani. Kama sheria inabadilika wakati mapipa yamelala, umeanguka.

Nelson alipika kwa mahindi, ngano na shayiri. Maji alichota kwenye chemchemi yenye ilikuwa pale pale kwenye kiwanja cha kiwanda. Tutarudi kwenye ile chemchemi.

Namba 5

Kiwanda kikakua sana. Serikali ya Marekani ilikuwa ikilipisha kodi kubwa juu ya pombe kali. Katika ile miaka ya 1880, kila galoni, ni kusema karibu lita 4, ililipiwa senti 90. Kwa sababu ya ile kodi, kila kiwanda kiliandikwa na kupewa namba, na wapelelezi wa serikali walichunga mapipa. Kiwanda cha Nelson kilipewa namba 5, tena kilikuwa katika eneo la kodi la 5. Wateja wakakipatia jina la utani: Muzee Namba 5.

Mwaka 1885 kulikuwa viwanda vingi sana Tennessee, vingi vidogo, vya kuuza kwa majirani tu. Nelson aliuza karibu galoni 380 000, ni kusema zaidi ya lita milioni 1 na laki 4 kwa mwaka mmoja. Kilikuwa kati ya viwanda vikubwa kuliko vyote vya jimbo. Alikuwa pia kati ya watu wa kwanza wenye walianza kuuza wiski ndani ya chupa. Wengine walikuwa wakiuza kwa mitungi ao kwa pipa nzima, na mwenye butiki mubaya aliweza kuongeza maji. Chupa iliyofungwa, yenye imebandikwa jina, ilimuchunga mteja na ilichunga pia heshima ya mwenye jina.

Zaidi ya majina 30 ya wiski yalitoka kwenye ile kazi. Moja liliitwa Belle Meade Bourbon. Mulikamate lile jina, kwani litatoka tena kisha zaidi ya miaka 100.

Mujane mwenye hakufunga mlango

Charles Nelson alifariki tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1891. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mutoto mwenye alishuka kwenye bandari ya New York bila kitu, aliacha nyuma yake kiwanda chenye kilijulikana mpaka Ulaya.

Hapa ndipo watu wengi walingoja familia iuze. Mke wake, Louisa Nelson, hakuuza. Alichukua uongozi yeye mwenyewe. Wakati ule mwanamke wa Tennessee hakuwa hata na ruhusa ya kupiga kura katika uchaguzi wa rais wa inchi, na wanawake wenye waliongoza kiwanda cha wiski unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Tunajua namna mambo haya yanapitaka kwetu. Bwana anafariki, na mbele ya matanga kuisha, ndugu za bwana wamefika kuuliza vyeti vya kiwanja na funguo za stoo. Mujane anabaki na watoto, tena wakati mwingine hata watoto wanachukuliwa. Sheria ya familia ya inchi yetu inamupatia mujane nafasi kati ya wariti, lakini sheria ni kitu kimoja na mlango wa nyumba ni kitu kingine. Kwa Louisa, mlango ulibaki mikononi mwake. Na tazama matokeo: kiwanda kiliendelea miaka 18 ingine. Mapipa yenye bwana yake alijaza, ni yeye aliyauza. Mapipa mapya, ni yeye aliagiza yajazwe. Wafanyakazi waliendelea kulipwa. Kama mali ingegawanywa vipande vipande mwaka 1891, historia ya Nelson ingeishia kwenye kaburi la Charles.

Sheria yenye ilizima moto

Chenye kilishinda Louisa hakikuwa deni wala wizi. Ilikuwa sheria.

Tokea zamani kulikuwa Tennessee mapambano makali kati ya watu wenye walitaka pombe ikatazwe kabisa, na wenye waliitetea. Tukubali kwamba wenye walipinga pombe walikuwa na sababu zao: waliona wanaume wakikunywa mushahara wote, wanawake wakipigwa, watoto wakilala njaa. Mambo hayo tunayaona na sisi, si lazima kwenda Marekani. Tokea mwaka 1877 kulikuwa sheria yenye ilikataza kuuza pombe karibu na masomo yenye yalikuwa inje ya miji, kwa umbali wa maili 4, ni kusema zaidi ya kilometa 6. Mwezi wa 1 mwaka 1909, bunge la jimbo likapanua ile sheria mpaka kwenye miji mikubwa. Liwali wa jimbo alikataa kutia saini, lakini wabunge wakapita juu yake. Sheria ingine ikakataza hata kutengeneza pombe kali ndani ya jimbo.

Kiwanda cha Green Brier kikafunga mlango mwaka ule wa 1909. Ilikuwa miaka 11 mbele ya sheria kama ile kufika Marekani nzima, mwaka 1920. Na kuna jambo la kufikirisha: katika ule mwaka wa 1920, ni Tennessee ndiyo ilitoa kura ya mwisho yenye ilihitajika ili wanawake wa Marekani nzima wapate haki ya kupiga kura. Lakini wakati wabunge walifunga kiwanda cha Louisa, yeye hakuwa amechagua hata mmoja wao.

Katazo la Marekani nzima liliondolewa mwaka 1933. Viwanda fulani vilifufuka. Cha Nelson, hapana. Mitambo ilikuwa imekwisha kuondoka, wenye kujua kazi walikuwa wamezeeka ao wamekufa, na vizazi vipya vya familia vilikuwa vimeingia kazi zingine. Ndani ya nyumba ikabaki hadisi tu: kwamba kulikuwa babu mmoja, alikuwa na kiwanda kikubwa, na baba yake alizama na dhahabu. Hadisi ya namna hiyo watoto wanasikiliza, wanacheka, wanaenda kulala.

Kibao cha kando ya barabara

Miaka 97 ikapita.

Wakati wa joto wa mwaka 2006, baba mmoja wa ile familia, Bill Nelson, mtu wa kizazi cha 4 kisha Charles, alikuwa akienda Greenbrier kwa mtu wa kuchinja, kuchukua nyama ya ngombe yenye alinunua pamoja na jamaa. Alikuwa na vijana wake wawili, Andy na Charlie. Njiani wakasimama kwenye kituo cha esanse. Pembeni ya barabara wakaona kibao cha historia, vile serikali inawekaka pahali penye jambo kubwa lilipita. Juu ya kibao kuliandikwa jina lao: Nelson's Green Brier Distillery.

Walipofika kwa ule mwenye kuchinja nyama, wakamuuliza kama anajua kitu. Mutu akawaonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara: jengo la zamani la kiwanda lilikuwa bado limesimama, na chemchemi ilikuwa bado inatoka maji. Wakaenda kuinama na kunywa. Kisha wakaenda kwa watu wenye wanachunga historia ya ule mji, na wakaonyeshwa chupa mbili za zamani, bado zimebandikwa jina la babu yao.

Wale vijana waliamua siku ile kwamba watafufua kiwanda. Hawakuwa na feza za kiwanda, na hawakuwa wamesomea kupika wiski. Wakaanza na kutafuta makaratasi: matangazo ya zamani, magazeti, vitabu vya serikali. Katika gazeti moja la zamani wakapata maelezo ya nafaka zenye Charles alitumia.

Lakini sheria ilikuwa bado inawafunga. Katika Tennessee, wilaya 3 tu ndizo zilikuwa zinaruhusu kutengeneza pombe kali. Ni mwaka 2009 ndiyo jimbo lilifungua mlango kwa wilaya zingine 41. Kisha ikabaki shida ya feza zenye zinalala. Nani anaweza kukopesha vijana wawili feza za kujaza mapipa, wakati faida itaonekana kisha miaka?

Wakatumia akili ya babu yao. Charles alianza kwa kuuza wiski ya wengine katika butiki, mbele ya kununua kiwanda. Na wao wakafanya ivyo: wakanunua wiski yenye ilikwisha kukomaa katika kiwanda kingine, jimbo la Indiana, na mwaka 2012 wakaitoa sokoni na jina la zamani la familia, Belle Meade Bourbon. Feza za ile chupa ndizo zilisaidia kujenga kiwanda chao. Mwaka 2014 kikafunguliwa mjini Nashville, ndani ya majengo ya zamani yenye zamani yalikuwa yanatengeneza magari. Mwaka 2017 wakatoa wiski ya kwanza ya mikono yao wenyewe, kutoka mapipa 108 ya kwanza. Hesabu ilikuwa imejipanga: toka 1909 mpaka 2017 ni miaka 108. Mwaka 2019 wakarudisha sokoni wiski yenyewe ya babu, yenye mahindi, ngano na shayiri. Na hawakusahau bibi: kuna kinywaji chao chenye kinaitwa Louisa.

Kitu gani kinabakia?

Tuseme pia upande mwingine, ili tusidanganyane. Katika ule mwaka wa 2019, kompani kubwa ya vinywaji, Constellation Brands, ilinunua sehemu kubwa ya mali ya kiwanda. Jina ni la Nelson, historia ni ya Nelson, lakini kisha mauzo yale ya 2019 familia haikuwa tena peke yake kwenye meza ya maamuzi. Wengine watasema wameuza urithi. Wengine watajibu kwamba biashara yenye feza inalala miaka ndani ya mapipa haiwezi kukomaa bila mwenye mifuko minene. Charles mwenyewe, mufanyabiashara wa nyama na kahawa, pengine angetazama kwanza mukataba mbele ya kukasirika.

Sisi tunabakia na jambo lingine. John Philip Nelson alifikiri amebeba urithi wa watoto wake ndani ya nguo, na ule urithi uko mpaka leo chini ya bahari. Chenye kiliokoa familia ni kazi yenye watoto walijifunza nyumbani, ya sabuni na mishumaa. Na chenye kilirudisha kiwanda kisha karibu miaka 100 ni vitu vya bei ndogo kabisa: kibao cha kando ya barabara, chupa mbili, ukurasa wa gazeti, na watu wa mji mudogo wenye walikubali kuvichunga bila kulipwa.

Huku kwetu vita, moto na volkano vimekula makaratasi mengi. Kuna wazee wenye wanajua nani alijenga kiwanda gani, nani alipanda shamba la chai ao la kawa, chemchemi iko wapi, na mutambo ulitengenezwa namna gani. Wengi hawajaandikwa popote. Kama uko na mzee wa namna hiyo nyumbani, mukalishe kivulini jioni moja, umuulize, na uandike hata katika kaye ya masomo ya mutoto.

Pale Greenbrier chemchemi inaendelea kutoka maji. Ilitoka wakati wa Charles, ikatoka wakati wa Louisa, ikatoka ile miaka yote 97 yenye hakuna mtu alikuja kuchota kwa ajili ya wiski.